Ukame katika Kyela na kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Ukame katika Kyela na kaskazini mwa Ziwa Nyasa ni upungufu wa mvua na wa maji unaotokea kwa vipindi katika Wilaya ya Kyela na maeneo jirani ya Mkoa wa Mbeya, kusini magharibi mwa Tanzania, pamoja na athari zake kwa chemchemi, mito, visima na maji ya bomba. Eneo hili ni kati ya yale yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, kwa hiyo ukame wake haufanani na ule wa Dodoma au Shinyanga. Mvua huku haikosi kunyesha mwaka mzima. Tatizo ni mvua kuchelewa kuanza, kukatika katikati ya msimu au kuisha mapema, na chemchemi zinazolisha mabomba ya vijiji kupungua nguvu kabla mvua mpya haijaja.

Kwa sababu hiyo upungufu wa maji Kyela hauonekani kwa urahisi kwa mgeni. Anayefika mwezi wa Oktoba huona migomba ya kijani, mito inayotiririka na ziwa lisiloonekana mwisho wake, kisha anakuta foleni ya ndoo kwenye kilula kinachotoa maji kama uzi.

Mahali

Wilaya ya Kyela iko kwenye tambarare iliyo kaskazini kabisa mwa Ziwa Nyasa, ambalo nchini Malawi huitwa Ziwa Malawi. Uso wa ziwa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Tambarare yenyewe imejengwa na mashapo yaliyoletwa na mito kutoka milimani kwa maelfu ya miaka. Upande wa kaskazini ardhi inapanda kuelekea Tukuyu na Mlima Rungwe wenye kimo cha karibu mita 2,960. Upande wa mashariki, juu ya Matema na Ikombe, Milima ya Livingstone inasimama kama ukuta kando ya maji. Upande wa magharibi Mto Songwe ni mpaka na Malawi.

Mito mikubwa ya wilaya ni minne: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Yote inaishia ziwani. Katika sensa ya mwaka 2012 wilaya ilikuwa na wakazi 221,490, na katika sensa ya mwaka 2022 idadi ilipita 260,000. Wenyeji wengi ni Wanyakyusa, wanaolima mpunga, kakao, ndizi na michikichi, na wanaoishi kando ya ziwa huvua samaki.

Mvua na kiangazi

Kaskazini mwa Ziwa Nyasa hakuna vuli na masika kama pwani au Kilimanjaro. Kuna msimu mmoja mrefu, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuita mvua za msimu. Kwa kawaida huanza Novemba na katika maeneo mengi ya nyanda za juu kusini huisha Aprili, lakini Kyela na Rungwe huendelea kupata mvua hadi Mei. Sababu ni ziwa. Upepo wa kusini mashariki, ambao wavuvi huuita mwera, husafiri juu ya maji kwa mamia ya kilomita kutoka kusini, hubeba unyevu, kisha hugonga milima iliyo mwisho wa ziwa. Hapo hewa inalazimika kupanda, inapoa, na mvua inanyesha. Ndiyo maana Machi na Aprili ni miezi ya mafuriko Kyela.

Jumla ya mvua kwa mwaka katika tambarare hupita milimita 2,000, na kwenye miteremko ya Rungwe kuna sehemu zinazopata karibu milimita 3,000. Dodoma hupata chini ya milimita 600. Hivyo mwaka ambao Kyela imepata milimita 1,500 ni mwaka wa ukame kwa Kyela, ingawa kiasi hicho kingekuwa neema isiyo na mfano Dodoma. Wataalamu hupima ukame kwa kulinganisha mahali na wastani wa mahali penyewe. Mwanafunzi anayeandika kwenye mtihani kwamba Kyela haiwezi kuwa na ukame kwa sababu ina mvua nyingi na ziwa atakosa alama, na atakuwa amekosa kwa haki.

Kiangazi huanza Juni. Juni na Julai bado kuna ubaridi, na huko juu Rungwe manyunyu huendelea. Joto hupanda kuanzia Septemba na kufikia kilele Oktoba na Novemba. Miezi hiyo miwili ndiyo migumu kwa maji, kwa kuwa ardhi imekwisha kutoa karibu akiba yote iliyoipata wakati wa mvua. Mvua ikichelewa wiki tatu mwezi wa Novemba, madhara yake kwa maji ya kunywa huwa makubwa kuliko upungufu wa wiki tatu mwezi wa Machi.

Kati ya El Niño na La Niña

Mahali Kyela ilipo kwenye ramani panafanya hali ya hewa yake iwe ngumu kutabiri. Mwaka wa El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta yanapopata joto kupita kawaida, Afrika Mashariki kwa kawaida hupata mvua nyingi na kusini mwa Afrika hupata ukame. Mwaka wa La Niña mambo hugeuka. Kaskazini mwa Ziwa Nyasa pako karibu na mstari ambapo athari hizo mbili zinakutana, kwa hiyo mwaka mmoja wa El Niño unaweza kuleta mafuriko na mwingine ukaleta mvua za kukatikakatika.

Msimu wa 2023 hadi 2024 ulionyesha tofauti hiyo wazi. Tanzania ilipata mvua kubwa sana, zikiwemo zile zilizosababisha maporomoko ya tope Hanang mwezi Desemba 2023. Wakati huohuo Zambia, Malawi na Zimbabwe zilitangaza hali ya janga kwa sababu ya ukame, moja baada ya nyingine, kati ya Februari na Aprili 2024. Malawi ilikwisha kufanya hivyo pia mwaka 2016, baada ya El Niño ya 2015 na 2016. Ukame mwingine unaokumbukwa kusini mwa Afrika ni wa 1991 na 1992. Kabla ya hapo ulikuwapo wa 1949, ulioleta njaa kali kusini mwa Nyasaland, kama Malawi ilivyoitwa wakati wa ukoloni.

Ukame wa Malawi huifikia Kyela hata mvua za Kyela zikiwa za kutosha. Mahindi ya Malawi yakikosekana, wanunuzi huvuka mpaka wa Kasumulu kutafuta nafaka, na bei katika masoko ya Kyela na Ipinda hupanda. Upande wa pili, ukame wa kaskazini, kama ule wa 2005 na 2006 uliopunguza maji ya Bwawa la Mtera na kuleta mgao mkali wa umeme nchini, huigusa Kyela kwa njia ya umeme: pampu za visima virefu zikikosa umeme, maji hayapandi kwenye matangi.

Milima kama tangi

Miteremko ya Rungwe imefunikwa na majivu na mawe mepesi ya volkano ya zamani. Udongo huo una matundu mengi. Mvua ikinyesha juu yake, sehemu kubwa huzama badala ya kutiririka, kisha hutoka taratibu chini ya mlima kama chemchemi, hata miezi kadhaa baadaye. Misitu iliyo juu husaidia kazi hiyo, kwa kuwa huzuia matone yasiupige udongo na kuufunga matundu yake. Msitu wa Mlima Rungwe umehifadhiwa kama hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2009, na sehemu ya misitu ya Livingstone imo ndani ya Hifadhi ya Taifa Kitulo.

Kwa hiyo Kyela inakunywa maji ya Rungwe. Mkulima wa viazi au chai aliye juu na mama anayejaza ndoo Ipinda wamefungwa na mfereji mmoja, ingawa hawajuani. Chemchemi ya juu ikilimwa hadi ukingoni, miti ya asili ikikatwa na kupandwa mikaratusi inayonywa maji mengi, au bonde likigeuzwa vinyungu, yule wa chini hugundua Oktoba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Katika nchi yenye mashamba madogomadogo kama Rungwe, ambako mita 60 zinaweza kumeza shamba zima la familia, sheria hiyo ni rahisi kuisoma kuliko kuitekeleza, na wanaoambiwa wahame kwenye chanzo mara nyingi si wale wanaofaidika na maji yake.

Usimamizi wa mito na vyanzo uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, yenye ofisi yake Tukuyu. Bonde hilo ni mojawapo ya mabonde tisa ya maji ya Tanzania. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, bodi ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji, na mwaka wa ukame ndiyo yenye kazi ya kuamua nani apunguziwe.

Maji ya mserereko

Vijiji vingi vya Kyela vinavyopata maji ya bomba hutegemea miradi ya mserereko. Maji hukingwa kwenye banio karibu na chemchemi au kijito cha juu, huingia kwenye bomba, na kushuka yenyewe hadi kwenye tangi na vilula vya vijijini bila pampu wala mafuta. Kwa wilaya iliyo chini ya milima ni njia nzuri na ya gharama nafuu. Udhaifu wake ni mmoja: mradi hauwezi kutoa zaidi ya chanzo kinachotoa siku hiyo.

Hesabu ifuatayo inaonyesha jambo hilo. Kwa mujibu wa viwango vilivyotumika chini ya Sera ya Maji ya mwaka 2002, mtu wa kijijini anastahili lita 25 kwa siku, kilula kimoja kihudumie watu 250, na mtu asitembee zaidi ya mita 400 kukifikia. Kilula kimoja basi kinahitaji lita 6,250 kwa siku. Chemchemi inayotoa lita moja kwa sekunde hutoa lita 86,400 kwa saa 24. Zikikusanywa zote zinatosha vilula 13. Chemchemi hiyo ikipungua nusu mwezi Oktoba, zinatosha vilula 6 tu.

Hiyo ni pale penye tangi kubwa la kuhifadhi maji ya usiku. Pasipo na tangi, au tangi likiwa na ufa, maji ya saa 12 za usiku humwagika kwenye mkondo wa ziada na kurudi mtoni. Chemchemi ileile ya lita moja kwa sekunde inatosha vilula 6 badala ya 13, na ikipungua nusu inatosha vilula 3. Kwa maneno mengine, kijiji chenye tangi bovu kinaishi kwenye ukame hata mwaka wa mvua nzuri. Viongozi wengi hupenda kufungua vilula vipya kwa sababu vinaonekana na kupigwa picha. Kuziba ufa wa tangi hakupigwi picha, lakini kwa hesabu hii mara nyingine kuna faida zaidi.

Vilula vya mwisho wa bomba ndivyo vinavyokauka kwanza. Presha ikishuka, walio karibu na chanzo huendelea kuchota, na kijiji cha chini, ambacho mara nyingi ndicho kilicho karibu na ziwa, hubaki na hewa kwenye mabomba. Ndoo ya lita 20 hujaa kwa sekunde 100 kilula kikitoa lita 0.2 kwa sekunde. Kikitoa robo ya hapo, ndoo hiyohiyo huhitaji karibu dakika 7. Kaya 50 zikichota ndoo nne kila moja, kilula kinahitaji zaidi ya saa 22 kuzihudumia zote. Ndipo wanawake na watoto wanapoamka saa tisa usiku kuweka ndoo kwenye foleni, na ndipo watoto wanapochelewa shule.

Huduma za maji vijijini ziko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulioanza kazi Julai 2019 kufuatia Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka huo. Kazi ya kila siku, kama kukusanya fedha za ndoo na kutengeneza koki, hufanywa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vilivyochukua nafasi ya kamati za maji za zamani. Mji wa Kyela na Kasumulu una mamlaka yake ya maji.

Visima vya tambarare

Wakati wa mvua maji ya ardhini Kyela hukaa karibu sana na uso wa nchi. Mtu akichimba mita chache anapata maji, na kwa sababu hiyo visima vifupi ni vingi. Lakini kile kinachovifanya viwe rahisi ndicho kinachovifanya visiwe salama, kwa kuwa vyoo vya shimo navyo vimechimbwa kwenye udongo uleule na mara nyingi maji ya kimoja hufika kwenye kingine mafuriko yanapokuja. Kiangazi maji hayo hushuka, kisima kifupi hubaki na tope, na wenye nguvu hukichimba zaidi.

Visima virefu vyenye pampu ya mkono hustahimili kiangazi vizuri zaidi. Kama ilivyo kwenye tambarare nyingi za mashapo, maji yake huweza kuwa na madini ya chuma, yanayoacha rangi ya kutu kwenye ndoo na kubadilisha rangi ya ugali na nguo nyeupe. Si sumu kwa kiasi cha kawaida, lakini watu huyachukia, na kisima kinachochukiwa huachwa. Hapo wakazi hurudi mtoni.

Kipindupindu

Athari mbaya zaidi ya upungufu wa maji salama kaskazini mwa Ziwa Nyasa ni kipindupindu. Kyela ni kati ya wilaya za Tanzania zilizopata milipuko ya ugonjwa huo kwa kurudiarudia. Mlipuko mkubwa wa kitaifa ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulifika Kyela pia. Novemba 2017 kipindupindu kilizuka Karonga, ng'ambo ya Songwe, na kwa kuwa watu wa pande zote mbili huuziana, huoana na huzikana, hakuna mlipuko wa Karonga usioihusu Kyela. Mwaka 2022 na 2023 Malawi ilipata mlipuko mbaya kuliko wote katika historia yake, uliosababisha vifo zaidi ya 1,700.

Mara nyingi ugonjwa huu hufikiriwa kuwa wa mafuriko tu. Mafuriko kweli husambaza kinyesi kwenye visima. Lakini kiangazi kina njia yake: kilula kikikauka, familia huchota mtoni au ziwani, mahali palepale watu wanapooga, kufua na kuosha vyombo, na mto wenye maji machache hauna nguvu ya kusukuma uchafu. Kisha mvua za kwanza za Novemba huja na kusomba kila kilichorundikana nchi kavu kwa miezi mitano hadi mtoni, wakati bomba bado halijarudi. Wiki hizo chache, kati ya mvua za kwanza na kurudi kwa chemchemi, ni za hatari kubwa. Kuchemsha maji au kutia dawa ya klorini ni muhimu zaidi wakati huo kuliko wakati wowote, ingawa kwa macho nchi imeanza kunawiri.

Kwa nini maji ya ziwa hayatumiki zaidi

Ziwa Nyasa lina eneo la takriban kilomita za mraba 29,600 na kina kinachofikia mita 700 hivi, na maji yake ni baridi na matamu. Swali la kwa nini watu wapange foleni huku wakiliona ziwa ni la haki. Jibu ni kwamba maji ya ziwa yako chini, na watu wako juu yake. Yanahitaji pampu, umeme wa uhakika, mtambo wa kuyasafisha na fedha za kuuendesha, kila mwezi, bila kukoma. Karibu na midomo ya mito maji huwa na tope wakati wa mvua. Ufukwe wenyewe hauna vyoo vya kutosha. Mradi wa ziwa una gharama kubwa kuliko wa mserereko, lakini haupungui Oktoba, na kwa vijiji vya ufukweni vilivyo mwisho wa mabomba huenda ndio ufumbuzi pekee wa kudumu.

Kuna akiba nyingine isiyotumika vya kutosha, nayo ni paa la bati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita za mraba 40, palipo na mvua ya milimita 2,000, hupokea lita 80,000 kwa mwaka. Familia ya watu sita inayotumia lita 25 kila mtu inahitaji lita 18,000 kwa miezi minne ya kiangazi. Mvua ipo, zaidi ya mara nne. Kinachokosekana ni pa kuyaweka: tenki la plastiki la lita 5,000, ambalo kwa kaya nyingi ni ununuzi mkubwa, humalizika kwa siku 33.

Mpunga, kakao na samaki

Mpunga wa Kyela, maarufu nchini kwa harufu yake, hulimwa zaidi kwa kutegemea mvua kwenye majaruba ya tambarare. Unaweza kustahimili mafuriko ya siku chache lakini haustahimili jua la wiki tatu wakati wa kutoa masuke. Kipindi cha jua katikati ya msimu, kati ya Januari na Februari, ndicho kinachoogopwa na wakulima. Kakao, ambayo sehemu kubwa ya ile ya Tanzania hutoka Kyela, ni mti na una mizizi, hivyo hauanguki kwa mwezi mmoja wa jua. Kiangazi kikirefuka, hata hivyo, hupukutisha maua na matunda machanga, na mkulima huona hasara miezi kadhaa baadaye.

Upungufu wa maji mitoni hugusa pia samaki. Mbasa, samaki mkubwa wa Ziwa Nyasa anayethaminiwa sana mezani, hupanda mitoni kutaga mayai. Mto ukiwa na maji machache au ukizibwa na mchanga mdomoni, hawezi kupanda.

Usawa wa ziwa

Usawa wa ziwa hupanda na kushuka kwa takriban mita moja ndani ya mwaka, ukiwa juu kabisa Aprili na Mei na chini kabisa karibu na Desemba. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba maji mengi ya ziwa hayatoki kwa mto. Mto Shire, ambao ndio mlango pekee, huchukua sehemu ndogo, na takriban asilimia 80 ya maji yanayopotea hupanda angani kwa mvuke. Jua huondoa karibu mita 1.8 za maji kwenye uso wa ziwa kila mwaka. Mvua na mito ikipungua kidogo tu kwa miaka michache, hesabu hugeuka na ziwa hushuka.

Hilo lilitokea mwanzoni mwa karne ya 20. Kufikia mwaka 1915 ziwa lilikuwa limeshuka kiasi kwamba Shire haukutoa maji tena, na mdomo wake ukazibwa na mchanga na majani kwa takriban miaka 20. Baadaye ziwa lilipanda, na karibu na mwaka 1980 lilikuwa zaidi ya mita 6 juu ya usawa wa 1915. Lilishuka tena sana katika miaka ya 1990 baada ya ukame. Tangu 1965 maji yanayotoka hudhibitiwa kwa kizuizi chenye milango kilichojengwa Liwonde, Malawi, kiitwacho Kamuzu Barrage. Umeme mwingi wa Malawi huzalishwa kwenye Shire, na kwa kuwa mito ya upande wa Tanzania inaleta sehemu kubwa ya maji ya mito yote iingiayo ziwani, taa za Blantyre zinategemea kwa kiasi fulani mvua za Rungwe, Ludewa na Songea.

Upande wa Kyela, ziwa likishuka meli hupata shida kufika gatini. Bandari ya Itungi imesumbuliwa kwa muda mrefu na mchanga, na shughuli nyingi zimehamia Bandari ya Kiwira.

Tabaka za tope lililochimbwa chini ya ziwa mwaka 2005 na watafiti wa kimataifa zilionyesha ukame wa kiwango kingine kabisa. Kati ya miaka takriban 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na vipindi ambapo ujazo wa ziwa ulipungua kwa angalau asilimia 95, na nchi iliyolizunguka ilikuwa karibu jangwa.

Mvua katika mila

Wanyakyusa walikuwa na viongozi wa matambiko waliohusishwa na mvua na rutuba, hasa Lwembe wa Lubaga, Rungwe. Upande wa ziwani palikuwa na mahali patakatifu pa Kyala karibu na Ikombe, na jina hilo, Kyala, ndilo linalotumika leo kwa Mungu katika Kinyakyusa. Mtaalamu wa anthropolojia Monica Wilson, aliyeishi katika nchi hiyo miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika kwa kirefu juu ya matambiko hayo. Inafaa kukumbuka kwamba nchi yenye mvua nyingi namna hii ilikuwa bado na haja ya kuiomba. Misitu midogo iliyotengwa kwa matambiko haikukatwa, na baadhi yake ilikuwa kwenye vyanzo vya maji.

Songwe

Mto Songwe hubadilisha mkondo wake wakati wa mafuriko, na wakazi wamewahi kuamka wakakuta mashamba yao yako ng'ambo ya mpaka. Tanzania na Malawi, ingawa hazijakubaliana kuhusu mpaka wa ziwani, zimekubaliana kufanya kazi pamoja mtoni. Mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe, yenye makao Kyela. Mpango wake mkubwa ni bwawa katika Songwe ya chini, litakalozuia mafuriko ya Aprili, kuzalisha umeme, kumwagilia mashamba ya pande zote mbili na kutoa maji kwa miji ya Kyela na Karonga wakati wa kiangazi. Likijengwa litakuwa akiba kubwa ya kwanza ya maji katika tambarare hii, na mpunga wa upande wa Kasumulu na Ngana hautategemea tena mvua ya Februari peke yake. Vijiji vya Matema na Ikombe, vilivyo upande wa pili wa wilaya, haviko kwenye bonde la Songwe na vitaendelea kutegemea vijito vya Milima ya Livingstone.